Moto Alioachiwa Attracta

Attracta Tiernan alikuja kijiji cha Corraclare akiwa bibi harusi wa miaka ishirini na mbili, na mali yake yote ilikuwa sanduku moja na baiskeli. Mama mkwe alimpokea mlangoni, akamkagua kuanzia viatu hadi nywele, kisha akampeleka moja kwa moja mekoni.

"Huu moto nimeukuta ukiwaka," alisema bibi yule. "Na aliyenikabidhi mimi naye aliukuta ukiwaka. Usije ukakuzimikia mikononi."

Hapakuwa na karibu mwanangu wala pole na safari. Attracta aliweka sanduku chini, akashika koleo, na ndoa yake ikaanzia hapo.

Moto wenyewe haukuwa wa maajabu. Ulikuwa moto wa udongo wa kinamasi, ule mweusi ambao watu wa jimbo letu la Leitrim huukata mabonge kama matofali mwezi wa Mei, wakauanika hadi ukakauka. Usiku mama mwenye nyumba huyafukia makaa ndani ya majivu na kumwomba Mtakatifu Brigid ailinde nyumba. Asubuhi huyafukua yakiwa bado mekundu, akaweka mabonge mapya juu yake. Nyumba nyingi zilifanya hivyo hadi mafuta na umeme vilipofika, watu wakaanza kulala bila kumwomba mtu chochote. Attracta hakuacha. Alikuwa ameogopeshwa siku ya kwanza, na woga wa siku ya kwanza hauishi upesi.

Miaka ya sabini, kila mtu alipotaka nyumba ya kisasa yenye madirisha mapana, Mattie mumewe naye alijenga yake, mbele kidogo ya ile ya mababu. Sebuleni akaweka meko ya namna iliyopendwa wakati huo: ukuta mzima wa mawe, ya kijivu, ya kahawia, mengine mekundu mekundu, toka pembe moja ya chumba hadi nyingine, pamoja na rafu ya mawe ya kuwekea televisheni na kishimo cha kuweka sanamu ya Yesu wa Moyo Mtakatifu na taa yake. Mawe aliyaokota mwenyewe, mitoni, kwenye kuta zilizoanguka, na baadhi yake, Mungu amsamehe, kwenye ukuta wa shamba la padri ambao ulikuwa haujaanguka. Siku ya kuhamia Attracta alitia makaa kwenye ndoo, akavuka nayo uani akikimbia, moshi ukimchoma macho, na Mattie nyuma yake akipiga kelele, "Taratibu, mwanamke! Ukianguka leo tutakula vibichi!" Moto ukashika. Mama mkwe, ambaye alikuwa ameketi tayari kwenye kiti chake kipya, akaitikia kwa kichwa mara moja. Kwa bibi yule hiyo ilikuwa sherehe.

Mbele ya meko hiyo Attracta alimnyonyesha binti yake Dervla, akamfundisha kusoma, akamkaushia nywele. Mbele ya meko hiyo mama mkwe alikata roho. Dervla alikwenda Dublin kusomea ufamasia akabaki huko huko, akaolewa na Joakim, msanifu majengo kutoka Denmark, kijana mrefu mpole asiyejua kusema uongo hata wa kumsaidia mtu. Wakapata mtoto mmoja, Signe. Kisha Mattie naye akafa, Oktoba moja, akiwa anapaka rangi lango. Kwa miaka sita sasa Attracta alikuwa amebaki na moto, na Packie Gilhooly.

Packie alikuwa jirani wa ng'ambo ya shamba, mzee asiyewahi kuoa. Kila Alhamisi jioni aliingia bila kubisha hodi, akakaa kiti cha kushoto, akanyoosha mabuti yake kuelekea motoni hadi yakaanza kutoa mvuke. Zamani wangekuja watu saba au wanane namna hiyo, kila mmoja na umbea wake. Wengine walikufa, wengine walinunua televisheni kubwa. Packie alibaki. Maneno yake yalikuwa machache na aliyatumia yote kuwasema watu, lakini mgeni njoo mwenyeji apone, na Attracta alikuwa akipona kila Alhamisi hadi Alhamisi nyingine.

Basi Pasaka ilipofika, Dervla na familia yake walipitia Corraclare, kwa kuwa Joakim alikuwa na kazi Sligo. Walikusudia kulala hadi Jumatatu. Jumamosi upepo uligeuka, ukaurudisha moshi sebuleni, na Signe akaanza kukohoa. Joakim akafungua dirisha. Dervla alisimama mlangoni akimtazama mama yake, aliyekuwa amepiga magoti akizoa majivu.

"Hii meko, Mama," alisema. "Ya zamani kweli, eh?"

"Ya zamani, ndiyo."

"Na wewe bado unapiga magoti hivyo kila asubuhi?"

"Nani mwingine apige?"

"Mh," alisema Dervla.

Yalikuwa hayo tu. Jumapili baada ya chakula walifunga mizigo wakaondoka, mtoto bado akikohoa, na Attracta alipunga mkono barabarani hadi gari likakata kona.

Mtu wa kwingine angepiga simu akauliza, "Ulikuwa na maana gani?" Lakini huku kwetu neno haliingii kwa mlango. Huzunguka nyumba kwanza, likachungulia dirishani, na mwenye nyumba akajifanya hakuliona. Ndiyo adabu yetu, na mimi niliyeishi nayo miaka yote hii naweza kusema kuna siku hunikera hadi nataka kutupa kikombe. Attracta alilitafuna lile neno la Dervla wiki nyingi. Alilitafuna akikamua ng'ombe, akalitafuna kanisani, na mwisho akafika mahali akaona amelielewa: meko ilikuwa ikimfukuza binti yake. Ilimkohoza mjukuu, ilimwaibisha mkwe msanifu, na wangekuwa wajinga kurudi kwenye nyumba kama hiyo.

Akapiga simu.

"Nimekuwa nikiwaza," alisema, "labda niibadilishe ile meko."

Upande wa pili Dervla aliuliza:

"Kweli, Mama? Wewe unataka?"

"Si imeshapitwa na wakati."

"Kama ndivyo unavyotaka, basi mimi nafurahi."

"Basi vizuri."

"Basi vizuri, Mama."

Joakim alishika penseli siku hiyo hiyo, maana kwao mtu akisema anataka meko mpya, anataka meko mpya. Michoro ikaja kwenye simu. Ukuta ungekuwa mweupe na laini, bila rafu, bila kishimo. Chini yake, uwazi mrefu mwembamba wenye kioo, na ndani ya kioo moto wa umeme. Chini ya kioo, jiwe jeusi lililosuguliwa likang'aa, la kukalia mtoto. Dohani ya kupitishia moshi ingezibwa ili joto lisipotee. Na pembeni pangekuwa na nafasi ya kupanga magogo mazuri ya kuni.

"Kuni za nini," aliuliza Attracta, "kama moto ni wa umeme?"

"Za sura, Mama," alisema Dervla.

"Ah. Za sura. Nzuri sana. Nimependa mno."

Aliyasema hayo kwa sauti ile ile ambayo miaka arobaini iliyopita alimsifia mama mkwe supu yake ya kabichi.

Jioni ya mwisho ya ule moto ilikuwa Alhamisi. Attracta hakuongeza mabonge. Yeye na Packie walikaa wakitazama jinsi wekundu unavyorudi nyuma, ukijificha chini ya ngozi ya majivu.

"Kwa hiyo leo hufukii," alisema Packie.

"Sifukii."

"Yule bibi atageuka kaburini."

"Akigeuka atapata joto."

Packie alicheka, kisha akaacha kucheka. Ulipobaki mstari mmoja mwekundu, mwembamba kama uzi, aliinuka akavaa kofia. Mlangoni akageuka, akamnyooshea Attracta mkono na kuushika wake barabara, kama tunavyofanya tunapoingia nyumba yenye maiti.

"Pole, Attracta."

"Nenda zako, Packie. Majivu tu haya."

Lakini Packie alipokwisha kuondoka, Attracta alijikuta amepiga magoti pale pale, kwa mazoea, akimwomba Brigid ailinde nyumba. Akatia kidole kwenye majivu. Yalikuwa vuguvugu bado. Alijihisi kama mtu aliyesahau mtoto sokoni, na alijiongopea kwa sauti kwamba ni moshi uliomtoa machozi.

Fundi Enda Scanlon alikuja na nyundo. Mattie hakuwa mtu wa kubania saruji. Enda alitokwa jasho kutwa nzima huku akimsema marehemu: "Huyu bwana alikuwa anajenga meko au bandari?" Attracta, aliyekuwa akimletea chai, alijisikia fahari kwa mara ya kwanza wiki ile. Jiwe lisilotaka kung'oka lilimfurahisha, na kila lililong'oka alitamani kuliomba radhi. Mwisho yote yalibebwa kwa toroli yakamwagwa nyuma ya banda. Ukuta ukapigwa lipu, ukapakwa rangi, kioo kikaingia. Yesu wa Moyo Mtakatifu akahamishiwa koridoni, karibu na makoti.

Na kusema kweli ilikuwa nzuri. Sitaki mtu adhani naidharau kazi ya Joakim. Chumba kilionekana kipana, jua la asubuhi lilikaa ukutani kama limealikwa, na hapakuwa na vumbi. Attracta alimpigia Dervla picha akamtumia, na Dervla akajibu, "Imependeza sana Mama, hongera." Attracta alilisoma jibu hilo hadi akalijua kwa moyo.

Kina mama wa parokia wakaja kuona.

"Mungu wangu, Attracta! Kama hoteli!"

"Mimi ningeogopa hata kupiga chafya humu!"

Walikula keki wamesimama, sahani chini ya kidevu wasimwage makombo, wakaondoka kabla chai haijapoa. Hakuna aliyerudi. Hoteli mtu huwa haendi kila siku.

Alhamisi alikuja Packie. Alifika mlangoni, akaiona sakafu mpya, na bila kuambiwa akavua mabuti. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimetoboa soksi, na jioni nzima alikuwa akikificha chini ya mguu mwingine.

"Unaulisha nini?" aliuliza.

"Umeme."

"Na ukitaka kuuchokoza kidogo?"

"Hauchokozwi, Packie. Una rimoti. Unaongeza hapa, unapunguza hapa."

"Ahaa."

Wakatazama. Moto wa kinamasi ni mtu wa tatu katika maongezi. Neno likiwa zito, mmoja huinuka akageuza bonge, cheche zikaruka, na anapokaa tena mazungumzo yameshahamia pengine bila mtu kuaibika. Huu wa kioo haukumhitaji mtu. Uliwaka vizuri, ukaendelea kuwaka vizuri, na wale wawili wakabaki na maneno yao mikononi bila pa kuyaweka.

"Ule mwali wa buluu pale," alisema Packie akinyoosha kidole. "Umeshapita. Unarudi kule kule kila mara. Tazama. Huo tena."

Attracta hakuwa ameliona hilo. Tangu siku hiyo hakuona kitu kingine. Packie alivaa mabuti kabla maji hayajachemka. Alhamisi iliyofuata alisema ng'ombe anaumwa. Ile nyingine ilinyesha mvua, kana kwamba Leitrim kuna Alhamisi isiyonyesha. Baada ya hapo hakutoa sababu.

Attracta alikuwa mpweke. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe angekata ulimi kabla ya kulisema. Jioni ilimkuta kwenye kochi, mikono mapajani, hana majivu ya kuzoa wala makaa ya kufukia, na alijifunza jambo ambalo miaka yote hakulijua, kwamba ule moto ulikuwa ukimpangia siku. Sasa siku haikuwa na mwanzo wala mwisho. Alikuwa akienda kulala kwa kuwa tu amechoka kukaa.

Tumaini lake lote aliliweka kwenye Krismasi. Wangekuja. Signe angekaa kwenye jiwe jeusi bila kukohoa, Joakim angetazama kazi yake na kujisifu kimoyomoyo, na Dervla angelala chumba chake cha utotoni. Alioka keki mapema akawa anainywesha wiski kila Jumapili. Alianika magodoro. Alinunua bakuli dogo lenye picha ya sungura, kwa ajili ya uji wa mtoto.

Dervla alipiga simu mwanzoni mwa Desemba.

"Mama, nilikuwa nauliza. Krismasi, ungependa tuje?"

"Aa, msijisumbue," alisema Attracta, moyo ukimdunda kwa furaha. "Safari yote hiyo, na barabara zina barafu, na mtoto."

Hapo lazima nieleze kidogo. Huku kwetu ukikaribishwa chai unasema hapana, nimekunywa sasa hivi. Ukikaribishwa mara ya pili unasema hapana, kweli kabisa. Mara ya tatu ndipo unasema, haya, tone tu, na unakunywa vikombe vitatu. Anayekubali mara ya kwanza hakulelewa, na asiyekaribisha mara ya tatu ni bahili. Kila mtoto wa Leitrim anajua hivyo kabla hajajua sala.

"Una uhakika, Mama?"

"Uhakika kabisa. Mimi niko sawa sana hapa."

Akangoja. Alikuwa ameshaanza kutabasamu, na ile "haya, kama mnang'ang'ania" ilikuwa mdomoni tayari.

"Haya basi," alisema Dervla. "Basi tutakwenda kwa mama yake Joakim, naye ametuomba sana. Kweli utakuwa sawa?"

"Nitakuwa sawa sana."

"Haya, Mama."

"Haya, mwanangu. Kwaheri. Kwaheri, kwaheri, kwaheri-kwaheri."

Alikata simu akabaki amesimama. Mwali wa buluu ukapita, ukarudi kule kule.

Alhamisi hiyo alivaa mabuti ya mpira ya Mattie, akakata shamba hadi kwa Packie. Nyumba ya Packie ilikuwa na moshi, na harufu ya paka, na moto mkubwa mwekundu ambao Attracta alipouona alitaka kuukumbatia.

"Karibu, mwenye hoteli," alisema Packie bila kuinuka.

"Ng'ombe amepona?"

"Ng'ombe gani?"

"Uliyesema anaumwa."

"Ah, huyo. Amepona. Chai?"

"Aa, nimekunywa sasa hivi."

"Kidogo tu."

"Hapana, kweli, Packie."

"Utakunywa," alisema Packie, akamimina, akampa na kipande cha mkate wa magadi chenye siagi nene.

Alipokwisha kula akamweleza yote. Packie alisikiliza huku akigeuza bonge moja kwa koleo, taratibu, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani.

"Ulimwambia asije," alisema.

"Sikumwambia asije. Nilimwambia asijisumbue."

"Naye hakujisumbua."

"Alitakiwa aulize tena! Nimemlea mimi yule. Anajua."

"Alikuwa anajua. Sasa ameishi na yule Mdenmaki miaka kumi. Wale ukiwaambia umeshiba, wanaondoa sahani."

Attracta alicheka bila kutaka, chai ikampalia.

"Mpigie," alisema Packie.

"Nimwambie nini? Niombe kama fukara mlangoni?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nitolee hapa! Na wewe umeinamia nini maishani mwako?"

Packie aliweka koleo chini.

"Sikuinama," alisema. "Ndiyo maana unaniona hapa na paka."

Asubuhi yake Attracta alipiga simu. Dervla alipokea mara moja, kwa sauti ya mshtuko.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Lazima afe mtu ndiyo nipige?"

"Hujawahi kupiga asubuhi, Mama."

"Basi leo nimepiga." Attracta alishika ukingo wa kochi. Alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri na yote yalikuwa yamekimbia. "Nilitaka kukuambia, hiyo meko. Niliibomoa ili mje."

"Nini?"

"Ulisema ni ya zamani. Na mtoto alikohoa. Nikasema nikiitoa, mtakuja."

Sauti ya Dervla ilikuwa nyembamba alipojibu.

"Mama, nilisema vile kwa sababu nilikuona umepiga magoti, unashika ukuta ndiyo uinuke. Nilikuonea huruma. Kisha wewe ukasema unataka kuibadilisha. Ningekukatalia, nyumba yako? Ulipotuma ile picha nilijifungia chooni kazini nikalia. Mawe yote yale ya Baba."

"Ulisema imependeza."

"Wewe ulisema umeipenda mno!"

"Mumeo alikuwa ameshachora!"

Wakacheka wote wawili, na kicheko hakikufika mbali.

"Na Krismasi," alisema Attracta. "Nilisema msijisumbue. Nilikuwa nataka mje, Dervla."

"Lakini nilikuuliza. Kila mwaka nakuuliza."

"Ulitakiwa uulize tena."

"Mama, nauliza mara mbili kila mwaka, na kila mwaka unaniambia uko sawa sana. Baba alipokuwa hai alikuwa anakunyang'anya simu. Unakumbuka? 'Msimsikilize mama yenu, njooni!' Alipokufa hakuna aliyenyang'anya." Alivuta pumzi. "Nikaona basi, aliyekuwa anatutaka alikuwa Baba. Nikamwambia Joakim mama yangu ni mtu wa peke yake, anapenda hivyo, tusimsumbue."

Katika mambo yote aliyokuwa ameyahofia Attracta, hilo halikuwamo.

"Siyo hivyo," alisema. "Mwanangu, siyo hivyo hata kidogo."

"Sasa tumeshaahidi kule. Signe ameshaambiwa, bibi yake ameshamwandalia. Siwezi kuvunja."

"Usivunje. Nendeni." Aliisogeza simu karibu na mdomo. "Lakini mkitoka huko mje hapa. Nimechoka kukaa peke yangu. Nakaa humu kutwa natazama ukuta, Dervla, na simwoni mtu."

"Tutakuja, Mama. Tukitua tu tunakuja."

"Lakini kama mtakuwa mmechoka, msiji..."

"Mama!"

"Njooni," alisema Attracta.

Wakaagana, na kwaheri zao zilichukua muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaketi, akalia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsikia. Hakuwa akimlilia Mattie, kwa kuwa alikwisha kumlilia, wala mawe, ambayo yangeweza kubaki nyuma ya banda. Aliililia miaka sita ambayo yeye na mwanawe walikuwa wameishi kwa adabu.